4,294,967,297 kwa kikokotoo cha dukani

Mwenye steshenari yeyote hapa Moshi anaijua kesi hii. Mteja anakuja na flashi ya GB 32, mpya, ametoka kuinunua sasa hivi, anataka awekewe video ya kipaimara cha mtoto. Video yenyewe ni faili moja la GB sita. Unakopi, unapesti, kompyuta inagoma: faili ni kubwa mno. Flashi haina kitu ndani, hata wimbo mmoja. Mteja anakutazama kama vile unatafuta njia ya kumuuzia nyingine.

"Mangi, si umesema nafasi ipo?"

"Ipo, mama. Ila haipokei faili moja linalozidi GB nne."

"GB nne za nini, na hii ni thelathini na mbili?"

Desemba ndiyo balaa. Watu wa Dar wamepanda nyumbani, kila Jumamosi kuna sendofu, kipaimara, harusi au misa ya shukrani, na kila shughuli ina mpiga video wake anayekabidhi kazi nzima kwenye faili moja refu, tangu maandamano ya kanisani mpaka ndafu inakatwa ukumbini. Dukani kwangu Majengo nina dawa mbili. Ya kwanza ni kuifomati flashi kwa mfumo wa exFAT, ambao hauna kikomo hicho. Shida yake ni kwamba sabufa nyingi za nyumbani haziusomi, na mteja atarudi kesho amenuna. Ya pili ni kulikata faili, kanisani kipande chake, ukumbini kipande chake. Wengi wanachagua ya pili, na wengi wao, nikiri nilivyoona, hawarudi tena kukifungua kile cha kanisani.

Kikomo chenyewe, ukikitaka kwa ukamilifu, ni baiti 4,294,967,295. Flashi za ukubwa huo kwa kawaida zinatoka kiwandani zikiwa na FAT32, mfumo wa mwaka 1996, na mfumo huo umetenga nafasi 32 tu za kuandikia ukubwa wa faili, kila nafasi ikipokea 0 au 1.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, huwa anakuja kunisaidia kaunta wikiendi. Mteja alipoondoka akauliza, "Anko, si wangeweka tu bilioni nne kamili?"

Kwa kompyuta hiyo ndiyo kamili. Nafasi moja inakupa mipangilio miwili, mbili zinakupa minne, tatu minane, na ukifika nafasi 32 unapata 2³², yaani 4,294,967,296. Wa kwanza katika mipangilio hiyo ni sifuri, kwa hiyo wa mwisho unaishia na 295. Hilo alilipata mara moja. Akachukua kikokotoo, akaandika 4,294,967,296, badala ya kutoa moja akajumlisha moja, akanionyesha kioo. "Na hii je? Hii haina kazi?"

Nimefurahi aliuliza, maana katika majirani hawa watatu huyo wa mwisho ndiye mwenye historia.

Ukiijaribu 4,294,967,297 kwa mbinu za shule ya msingi inakupiga chenga. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Igawe kwa 7, inabaki 5. Kwa 11, inabaki 5 tena. Kwa 13, inabaki 10. Unaweza kuendelea hivyo kwa 17, 19, 23, na kila mara kioo kinakuletea mkia wa desimali. Ili uthibitishe kwa njia hiyo kwamba ni namba tasa, itabidi ujaribu kila namba tasa mpaka ufikie kipeuo chake cha pili, ambacho ni 65,536 na kachembe. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542. Kaunta haina muda huo.

Aliyeifanya namba hii iwe maarufu ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa. Mshahara wake ulitoka mahakamani. Hisabati aliifanya kwa wakati wake mwenyewe na kuisambaza kwa barua. Mimi nilisoma PCM, nikapata nilichopata, nikaishia kwenye fotokopi, kwa hiyo watu wa aina ya Fermat nina upendeleo nao na siufichi. Mwaka 1640 alimwandikia mwenzake, Frénicle, kuhusu namba zinazopatikana hivi: chukua 2, ipe kipeo cha 1, halafu 2, halafu 4, 8, 16, kila kipeo kikiwa mara mbili ya kilichotangulia, na kila mara ujumlishe 1. Zinatoka 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, ambayo ndiyo hii yetu. Fermat alisadiki kwamba nayo ni tasa, na kwamba zote zinazofuata ni hivyohivyo. Alikiri kwamba uthibitisho hana, ila hakuiacha imani yake. Siku hizi zinaitwa namba za Fermat na zinapewa namba kuanzia sifuri: F0 ni 3, F4 ni 65,537, na ya kwetu ni F5.

Miaka karibu tisini ilipita. Mwaka 1729 Christian Goldbach, akiwa Moscow, alimwandikia kijana mmoja wa St Petersburg akimuuliza kama anayajua madai hayo ya Fermat. Kijana huyo alikuwa Leonhard Euler. Kufikia 1732, akiwa na umri wa miaka 25, Euler alikuwa na jibu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Hakikisha mwenyewe. Tumia kikokotoo cha tarakimu 12, kile cha kaunta chenye vitufe vikubwa; cha tarakimu nane hakifai, kitakuandikia E. Au zidisha kwa mkono: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara moja ni yenyewe. Jumlisha hizo tatu.

Sasa, 641 ni namba tasa ya 116 katika foleni. Maana yake ni kwamba hata mtu asiye na ujanja wowote, anayegawanya kwa 2, 3, 5, 7 na kuendelea bila kuruka, angeifikia kwenye jaribio la 116. Ni kazi ya jioni chache kwa mtu mwenye kalamu na subira. Kwa nini Fermat hakuifikia? Sina huruma naye sana hapa, kwa sababu mwaka uleule wa 1640, kwa Frénicle huyohuyo, aliandika kanuni ambayo ingempunguzia majaribio hayo yakabaki matano. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Mpwa hakuvutiwa na Fermat wala Euler. Alitaka kujua 641 imetoka wapi, na kama kuna njia ya kuona kwamba inaingia bila kuigusa hiyo namba ya tarakimu kumi. Ipo, na kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote, kwa hiyo nitaiandika polepole.

Anza na 1, uizidishe kwa 2, na uendelee kuzidisha kwa 2. Kila ukizidi 641, toa 641 na uendelee na kilichobaki. Ruhusa ya kufanya hivyo unayo, kwa sababu tunachotafuta ni baki tu, na kutupa 641 nzima hakubadilishi baki. Kwa hiyo: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Inayofuata ni 1,024, toa 641, inabaki 383. Mara mbili ni 766, inabaki 125. Halafu 250. Halafu 500. Halafu 1,000, inabaki 359. Halafu 718, inabaki 77. Halafu 154.

Hesabu hatua: 154 ni hatua ya 16. Yaani 2¹⁶ ikigawanywa kwa 641 inabaki 154. Na 2³² ni 2¹⁶ mara 2¹⁶, kwa hiyo baki yake ni ile ya 154 × 154. Hiyo ni 23,716.

Sasa zidisha 641 kwa 37. Inatoka 23,717.

Umeiona? 2³² imepungukiwa na moja tu ili igawanyike kwa 641. Ipe hiyo moja, iwe 2³² + 1, na baki inafutika. Mpwa alifanya yote hayo nyuma ya karatasi ya risiti, na hakuna mahali ambapo namba ilizidi tarakimu tano. Namba ya mabilioni imepasuliwa na hatua za kuzidisha kwa mbili.

Swali likabaki lilelile: unajuaje uanze na 641 na usianze na 643? Hapo ndipo ile kanuni ya Fermat inapoingia. Ukichukua namba tasa yoyote isiyo 2, tuiite p, na ukafanya mchezo huu wa kuzidisha kwa mbili na kutupa p, mwishowe lazima urudi kwenye 1 na mzunguko uanze upya. Kanuni inasema idadi ya hatua za mzunguko huo inaigawa p − 1 bila baki. Kwa 7 kwa mfano, unapata 2, 4, 1. Hatua tatu, na 3 inaigawa 6.

Chukua basi p ambayo ni kigawo cha F5. Katika hatua ya 32 unakuwa umepungukiwa na moja, kama tulivyoona. Ukiendelea hatua nyingine 32, kupungukiwa moja mara kupungukiwa moja kunakupa 1. Kwa hiyo unarudi kwenye 1 katika hatua ya 64. Je, ungeweza kurudi kabla? Hapana. Mzunguko mfupi zaidi ungelazimika kuigawa 64, na kila namba ndogo kuliko 64 inayoigawa 64 inaigawa 32 pia, na hapo hatua ya 32 ingekuwa 1, wakati tunajua imepungukiwa. Mzunguko ni wa hatua 64 kamili, na 64 lazima iigawe p − 1. Euler akaona hivyo, na akajua kwamba kigawo chochote tasa cha F5 kina umbo la 64 mara kitu fulani, kujumlisha 1.

Ziorodheshe: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Ukigawa F5 kwa 193 inabaki 109, kwa 257 inabaki 2, kwa 449 inabaki 325, kwa 577 inabaki 288, kwa 641 haibaki kitu. Jaribio la tano. Hilo ndilo Fermat alilokosa akiwa na kila kifaa mezani.

Baadaye, katika karne ya 19, Édouard Lucas alibana zaidi: kigawo kinatakiwa kiwe 128 mara kitu, kujumlisha 1. Ukitumia kichujio chake, tasa zinazobaki mpaka kufikia 641 ni 257 na 641 yenyewe, na 257 tutaona hivi punde kwa nini haiwezi kuingia kamwe.

Kichujio hicho cha Lucas kina matumizi mengine ambayo ni ya kuvutia hata kuliko 641. Tuna hakika gani kwamba kile kigawo kikubwa, 6,700,417, hakipasuki tena? Kwa namba ya kawaida ya milioni sita na ushee ungelazimika kujaribu namba tasa zote mpaka 2,588. Lakini kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha F5 pia, kwa hiyo nacho kimefungwa na sharti la 128. Kuanzia 129 mpaka 2,561 kuna namba ishirini za umbo hilo, na tasa ni tano pekee: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Gawa. Kwa 257 inabaki 170. Kwa 641 inabaki 44. Kwa 769 inabaki 120. Kwa 1,153 inabaki 334. Kwa 1,409 inabaki 622. Imekwisha. Migawanyo mitano, na umethibitisha kwa mkono wako kwamba 6,700,417 ni tasa. Kuna mtoto mmoja Mmarekani, Zerah Colburn, aliyepelekwa London mwaka 1812 kuonyeshwa kama kipaji cha hesabu za kichwa. Inasimuliwa kwamba aliulizwa vigawo vya 4,294,967,297 akavitaja papo hapo. Alikuwa na miaka minane hivi. Sisi wengine tunatumia risiti.

Tukienda nyuma hatua mbili, kwa yule anayezuia video za kipaimara, mambo ni tofauti kabisa. 4,294,967,295 haina hata haya ya kuficha vigawo vyake. Inaishia na 5, jumla ya tarakimu zake ni 57 kwa hiyo 3 imo, na iliyobaki inafunguka kwa a² − b² = (a − b)(a + b), ile ya kidato cha pili. 2³² − 1 ni 65,536² − 1², kwa hiyo ni 65,535 × 65,537. Kisha 65,535 ni 256² − 1², yaani 255 × 257. Na 255 ni 15 × 17. Na 15 ni 3 × 5. Ziweke pamoja:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Hizo ni zile namba tano za Fermat, zote, kila moja mara moja, bila mgeni kati yao. Nilipoiandika hivyo kwenye ubao wa bei za fotokopi, baba mmoja aliyekuwa akisubiri leseni yake ilaminetiwe alidhani ni namba za bahati nasibu.

Kutoka hapo unaona kwa nini 257 haiwezi kuingia kwenye F5. F5 ni zao hilo kujumlisha 2, kwa hiyo ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo tano inabaki 2. Na ndivyo zilivyo zote: 3 × 5 + 2 = 17, na 3 × 5 × 17 + 2 = 257. Kila namba ya Fermat inalazimika kuwa na vigawo tasa ambavyo hakuna iliyotangulia aliyewahi kuvitumia. Goldbach alimweleza Euler jambo hili mwaka 1730, na ndani yake kuna uthibitisho mzuri kwamba namba tasa haziishi, kwa sababu namba za Fermat zenyewe haziishi na hakuna mbili zinazochangia kigawo.

Halafu kuna habari ya Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani. Mwaka 1796, akiwa na miaka 18, alionyesha kwamba pembe-kumi-na-saba iliyo sawa pande zote inaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Baadaye ikajulikana kwamba poligoni ya pande witiri inachorwa hivyo pale tu idadi ya pande zake inapokuwa zao la namba za Fermat zilizo tasa, kila moja ikitumika mara moja tu. Kwa kuwa tasa zinazojulikana ni zile tano, poligoni kubwa kuliko zote ya aina hiyo tunayoijua ina pande 4,294,967,295. Kikomo cha flashi, tena. Nilijaribu kuipigia picha. Ukiichora kuzunguka dunia nzima kwenye ikweta, kilomita 40,075, kila upande unatoka na urefu wa milimita tisa na kidogo. Bikari ya kwenye mkebe wa hesabu haitoshi.

Narudi kwa F5, kwa sababu nimebakiza kitu ambacho hakifundishwi na ni aibu hakifundishwi, maana kinatumia KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya shule ya msingi na hakuna zaidi ya hapo.

F5 ni jumla ya vipeo viwili vya pili. Hilo liko wazi: 65,536² + 1². Lakini pia ni

62,264² + 20,449²

Ya kwanza ni 3,876,805,696 na ya pili ni 418,161,601, jumlisha uone. (Kwa anayependa vijimambo, 20,449 yenyewe ni 143 × 143.) Euler alijua kwamba namba tasa ikiandikika kama jumla ya namba mbili za kipeo cha pili, inaandikika kwa njia moja tu. Namba yenye njia mbili imejisaliti, si tasa. Na haiishii kujisaliti, inakutajia vigawo vyake.

Toa kubwa kwa kubwa: 65,536 − 62,264 = 3,272. Toa ndogo kwa ndogo: 20,449 − 1 = 20,448. Tafuta KKS ya hizo mbili. Ni 8.

Sasa jumlisha badala ya kutoa: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. KKS ni 50.

Nusu ya 8 ni 4. Nusu ya 50 ni 25. Kipeo cha pili cha 4 ni 16, cha 25 ni 625.

16 + 625 = 641.

Na kile kingine? Gawa 3,272 kwa 8, ni 409. Gawa 20,448 kwa 8, ni 2,556. Vipeo vyake vya pili ni 167,281 na 6,533,136. Jumla, 6,700,417. Hapo mpwa alinyamaza, akarudia hesabu toka mwanzo kwa kuhisi nimepanga mezani. Kwa kiasi fulani alikuwa sahihi: kuipata 62,264 bila kuvijua vigawo ni kazi nzito kuliko kugawa kwa 641, na mimi niliipata kwa kurudi nyuma kutoka kwenye vigawo. Lakini ukishapewa njia zote mbili, kinachobaki ni KKS, na KKS ya 3,272 na 20,448 ni kazi ya dakika.

Imani ya Fermat ilikuja kuvunjika vibaya kuliko alivyodhani Euler. Baada ya 65,537 hakuna namba ya Fermat hata moja iliyokutwa kuwa tasa. F5 mpaka F32 zote zimethibitishwa kwamba si tasa. Mbili kati ya hizo, F20 na F24, zinanishangaza zaidi, kwa sababu inajulikana kwa uhakika kwamba zinapasuka na hakuna aliyewahi kupata hata kigawo kimoja. F33 bado ni swali. Ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu.

Mpwa alitaka F6 tu. Ni 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617, tarakimu 20, urefu sawa na namba ya NIDA. Haiingii kwenye kikokotoo cha kaunta. Mwaka 1880 mzee mmoja Mfaransa, Fortuné Landry, aliipasua: 274,177 × 67,280,421,310,721. Ila kuhakikisha kwamba 274,177 imo, kikokotoo cha tarakimu 12 kinatosha kabisa, kwa mchezo uleule. 2³² ni 4,294,967,296. Toa 274,177 mara 15,664, inabaki 258,768. Badala ya kuibeba hiyo, hesabu imepungukiwa na ngapi ifike 274,177: imepungukiwa na 15,409. Kipeo cha pili cha 15,409 ni 237,437,281. Ongeza 1. Kisha zidisha 274,177 kwa 866, na unapata 237,437,282.

F7 tuliijaribu wakati wa kufunga duka. Hii ilipasuliwa mwaka 1970, kwa kompyuta, na Michael Morrison na John Brillhart, na kigawo chake kidogo ni 59,649,589,127,497,217. Tarakimu kumi na saba. Mpwa akaanza kuziingiza, akafika ya kumi na mbili, vitufe vikaacha kupokea.